Msanifu wa Tanuri

Wanaolisifu sana jengo la Ukumbi Mkuu ni wale ambao hawajawahi kufanyia mtihani ndani yake alasiri. Hao ndio wanaolipiga picha, wanaoliandikia vitabu, wanaoleta wageni na kusimama nao kwenye nyasi, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha juu. Waliofanyia mtihani humo hawana habari na usanifu. Wamelipa jina moja tu, na jina hilo halimo katika kitabu chochote cha chuo. Wanaliita Tanuri.

Siku ile mzee aliyelichora alisimama nyuma ya kundi la wageni, kofia mkononi, akimsikiliza profesa akiwaeleza watu kile ambacho yeye mzee alikikusudia. Hakuna aliyemuuliza. Msanifu akishakula chumvi nyingi huhesabiwa pamoja na marehemu, anaalikwa, anapewa kiti cha mbele na maji ya chupa, kisha anazungumziwa akiwa amekaa palepale.

"Tazameni jengo linavyoupa mlima mgongo mgumu," profesa alikuwa akisema, "kisha linaufungulia uwanda wa magharibi kifua chake chote cha kioo. Asubuhi mwanafunzi anaingia kwenye utusitusi. Alasiri anafunuliwa kwa mwanga. Hapa msanifu anatuambia kwamba elimu haiji ila baada ya subira."

Msanifu hapo hakuwa akimwambia mtu kitu. Msanifu hapo alikuwa na kiu na miguu inamuuma.

Profesa huyo wanafunzi walimwita Profesa Mwanga, kwa sababu neno hilo ndilo lililomlea. Aliliandikia tasnifu, likampa cheo, akaliandikia kitabu, likampa safari. Mzee naye alilipenda jina hilo kwa sababu zake mwenyewe, kwani alikokulia yeye mwanga ni yule mchawi anayewanga watu usiku, na kila alipomwita profesa kwa heshima zote alijisikia amepumua kidogo.

Ukweli wa jengo lile ulikuwa mfupi na hauna falsafa. Mzee alipokuwa kijana alilichora kwenye ile karatasi nyembamba ya wasanifu ambayo hata ukiigeuza nyuma unauona mchoro wote, ila kushoto kumekuwa kulia. Alipanga vikinga-jua, yaani yale mabapa marefu ya zege yanayosimama wima nje ya madirisha kulikata jua, vikae magharibi, kwenye uwanja mpana usio na mti hata wa kufungia mbuzi. Mashariki, ambako mlima unalizuia jua mpaka asubuhi ikaribie kwisha, aliweka vioo vitupu. Hata mtoto wa shule ya msingi angeelewa. Kisha karatasi ikapelekwa kutolewa nakala, na mtu wa mashine akailaza kifudifudi.

Hapo bado kulikuwa na wokovu, maana maandishi yote yalitoka kinyumenyume na mtu yeyote mwenye macho angeshtuka. Lakini ofisi ya ujenzi ilikuwa na karani mwenye mwandiko mzuri na moyo wa kusaidia, na watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Karani alidhani mashine imeyaharibu maneno. Akakaa, akayafuta moja baada ya jingine, akayaandika upya sawasawa kwa wino. Mshale wa kaskazini ulikuwa umetazama juu na ukabaki kutazama juu, kwa hiyo nao haukumshtaki mtu. Nakala ikapendeza kuliko ya asili. Mkandarasi akajenga alichokiona.

Na msanifu alikuwa wapi? Alikuwa mjini, bosi wake amemfungia ofisini achore vitasa vya milango, kwa sababu bosi aliamini kwamba jengo hujisimamia lakini kitasa hakijisimamii. Alipopata ruhusa ya kufika, kuta zilikuwa kiunoni na miguu ya zege ya vikinga-jua imeshaota upande wa mlima. Kwanza alicheka, akidhani ni msingi wa kitu kingine. Alipoacha kucheka alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akamweleza. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri sana.

"Kijana," akamwambia, "jiwe la msingi limewekwa na mgeni rasmi kwa mkono wake. Unataka twende tukamwambie kwamba ameliweka kwenye jengo lililogeuka?"

Kijana alikuwa na kazi ya kwanza maishani na mke mjamzito nyumbani. Jengo likapanda hivyohivyo, vioo vikalikabili jua la saa tisa, na mabapa ya zege yakaukinga mlima usipigwe na jua. Kwenye jiwe la msingi wakaandikwa mgeni rasmi, mwenyekiti, wajumbe wote wa kamati hata yule ambaye hakuhudhuria kikao, na mkandarasi. Jina la msanifu halikuandikwa. Aliambiwa nafasi imekwisha.

Hayo yote mzee hakuwahi kuyaficha. Aliyasema harusini, msibani, hospitalini akisubiri dawa, na aliwahi kumweleza Profesa Mwanga mwenyewe, neno kwa neno, juu ya karani na juu ya mashine. Profesa alimsikiliza huku akitabasamu, kisha akasema unyenyekevu wa wasanii wakubwa unamliza. Toleo la pili la kitabu likatoka na sura mpya kuhusu unyenyekevu huo. Sikio la kufa halisikii dawa, na la msomi aliyekwisha kuchapisha kitabu ndiyo kabisa.

Basi mzee alibaki na dharau yake, na dharau ilimfaa. Alimdharau profesa, akamdharau mkandarasi ambaye alishakufa, akawadharau wakuu wa chuo kila walipobadilishwa, bila upendeleo. Mkewe alisema dharau ndiyo iliyomfikisha umri ule, wenzake wenye roho nzuri wote wameshazikwa.

Lakini safari hii palikuwa na jambo. Mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza, alikuwa mwaka wa mwisho chuoni hapohapo. Yeye na babu yake walitaniana kama babu na mjukuu wanavyotaniana. Alimwita mume wangu, akamwita bibi yake mke mwenza, na akija nyumbani alikagua kama babu amenyolewa ndevu ipasavyo, la sivyo atamwacha. Jumamosi moja alikuja bila utani. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani.

"Babu, jana ilikuwa mitihani ya majaribio mle ndani," akasema. "Karatasi inagandamana na mkono. Ukiinua mkono, jibu linakuja nao. Msichana niliyekaa naye ameanguka, akatolewa nje, akamwagiwa maji, akarudishwa ndani amalizie. Mimi nilisoma swali moja mara nyingi mpaka likawa halina maana. Na ya mwisho inakuja. Hiyo ndiyo inayohesabiwa."

"Si wafungue madirisha."

"Madirisha hayafunguki, babu. Uliyachora wewe."

"Niliyachora yasifunguke upande wa mlima, kwa ajili ya vumbi la..." Mzee akaishia hapo, kwa sababu hata yeye alichoka kujisikiliza.

"Sasa hivi wanakuheshimu," mjukuu akasema. "Wanataka jengo liwe urithi wa taifa. Likishaandikwa, halipigiliwi hata msumari tena. Profesa Mwanga ametuambia darasani, tena kwa furaha. Nenda kabla hawajaandika. Waambie waweke vivuli upande ule. Wewe wakikukatalia, nani mwingine watamsikia?"

Mzee alilichora jambo lile siku hiyohiyo, mezani, mjukuu akimshikia rula. Lilikuwa jambo dogo. Fremu za chuma zenye papi za mbao zilizolala mshazari, zinaning'inizwa kwenye ukingo wa paa, haziugusi ukuta, na siku ukizichoka unazishusha. Fundi seremala yeyote mwenye akili timamu angezitengeneza kabla ya mitihani. Mjukuu aliutazama mchoro akasema mume wake bado ana mkono, ndevu tu ndizo tatizo.

Ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo ilikuwa katika jengo lilelile, upande wa mlima, nyuma ya vikinga-jua. Mle ndani mlikuwa na ubaridi wa kupendeza, na bado kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Katika uhai wote wa jengo, vikinga-jua vile vilikuwa vimewatumikia njiwa na Makamu Mkuu peke yao, na njiwa angalau walikuwa hawaandiki barua za pongezi. Makamu alikuwa mtu mpana, mchangamfu, mwenye mazoea ya kumshika mgeni bega mpaka amkalishe. Profesa Mwanga alishafika, ameweka kitabu chake mezani kama mtu aliyekisahau hapo.

"Mzee wetu," Makamu akasema, "sisi tunasema kila siku. Jengo hili ni wewe, na wewe ndiwe jengo hili."

"Jengo lina afya kuliko mimi," mzee akasema. "Nimeleta mchoro."

Akautandaza. Makamu aliutazama kwa adabu, kichwa upande, jinsi watu wanavyotazama mtoto wa mwenzao. Profesa hakuutazama sana. Alishaona mbao, zikamtosha.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," profesa akasema. "Vivuli hivi vinakwenda kinyume na nia ya msanifu."

"Msanifu ni mimi."

"Wa leo, ndiyo. Mimi nazungumzia yule wa wakati ule."

Mzee alimtazama. Alikuwa amewahi kukutana na wajinga wa kila aina, wa shule na wasio wa shule, ila huyu alikuwa ameusomea ujinga wake mpaka ngazi ya juu, na sasa alikuwa anaufundisha. "Yule wa wakati ule," mzee akasema, "alitaka watoto wa watu wasiungue. Nilikuwa karibu naye sana, nayajua mawazo yake."

Makamu akacheka, akamshika bega. "Tulia kwanza, mzee. Mambo ya vivuli tutayazungumza. Lakini na sisi tuna tatizo letu, na imekuwa vizuri ulivyokuja. Watu wa urithi wamepekua. Wanataka ramani ya asili ilingane na jengo. Sasa ile aliyojengea mkandarasi imepotea, na nakala iliyoko kwenye hifadhi yetu, vikinga-jua viko magharibi. Jengo lenyewe..."

"Jengo lenyewe limegeuka. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia."

"Na sisi miaka yote tumekuwa tukikusikiliza," akasema Makamu, ambaye hakuwahi. "Kwa hiyo tunachokuomba ni ramani iliyosawazishwa. Ileile, kwa mkono wako uleule, ila iwe kama jengo lilivyo. Uweke sahihi. Tarehe iache wazi tu, hiyo tutaishughulikia sisi."

"Yaani jengo limekosa, na ramani ndiyo iende ikatubu."

Profesa alitoa kalamu akaliandika hilo. Alilipenda.

"Na vivuli?" mzee akauliza.

"Uso wa magharibi ndio ulio kwenye nembo ya chuo, mzee. Ukiufunika na mbao tutakuwa tumejifunika sisi. Likishakuwa urithi haitawezekana tena, sheria ni sheria."

"Na nisipochora?"

Makamu alifungua mikono. Alikuwa mkweli wakati ukweli haumgharimu kitu. "Usipochora, urithi unakwama, maana hatuna ramani ya kuwapa. Jengo linabaki chini ya idara ya majengo, na wale unawajua. Ukiwaomba vivuli watakuwekea vivuli, ukiwaomba mapazia ya maua watakuwekea mapazia ya maua. Wao hawana makuu."

Mzee akaanza kuukunja mchoro wake. Jambo lilikuwa limekwisha, na kwisha kwake kulikuwa kuzuri. Akainuka.

"Kuna jingine," Makamu akasema. "Baraza limekaa. Tumeona jengo halina jina. Ukumbi Mkuu si jina, ni maelezo tu. Siku ya kulizindua kama urithi, tungependa liitwe kwa jina lako. Herufi za shaba, juu ya mlango, kila anayeingia alisome. Ila, unaelewa, tuwe na ramani kwanza."

Mzee alijua anavishwa kilemba cha ukoka. Aliuona hata mkono unaokifunga, na ulikuwa mkono mnene wenye saa kubwa. Alijua pia kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu ambaye asingeweza kumtambua njiani bila kofia. Yote hayo aliyajua, na bado kichwa kiliinuka kidogo chenyewe kukipokea kilemba. Alisema atafikiri. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijidharau kwa kusema atafikiri badala ya kusema hapana, lakini hata dharau ile haikuwa na nguvu yake ya kawaida.

Nyumbani aliwasimulia wote. Aliigiza kiganja cha Makamu begani, akaigiza profesa na yule msanifu wa wakati ule, mpaka mkewe aliyekuwa akikunja nguo akaketi juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. Mjukuu alicheka hadi akashika mbavu.

"Kwa hiyo usipochora tu, tunapata vivuli," akasema alipopata pumzi. "Mume wangu, hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote ulizowahi kupewa. Kaa, usifanye kitu."

"Hujaolewa na huyu siku nyingi wewe," bibi akasema. "Kukaa bila kufanya kitu ndiyo kazi iliyomshinda."

"Babu yangu hanunuliki kwa herufi. Nimeshawaambia na darasa letu."

Mzee alicheka pamoja nao. Mjukuu alipoondoka kurudi bwenini, bibi alirudi kwenye nguo zake, akazikunja tena zile alizozikalia. Hakuinua macho.

"Unalitaka hilo jina?"

"Jina la nini?"

"Sijakuuliza la nini. Nimekuuliza kama unalitaka."

Mzee akasema jengo lenyewe ni aibu tupu, nani atake kuandikwa juu ya aibu.

"Ukilitaka, sema unalitaka," bibi akasema. "Utakuwa umekosa, lakini utakuwa umekosa kama mtu. Usije ukaniletea falsafa za yule bwana wa mwanga. Hizo sitazivumilia humu ndani."

Asubuhi baada ya chai alikaa mezani kuandika kwamba hatachora. Alichukua karatasi safi, na kwa kuwa barua huanza na mwandikaji, akaandika jina lake juu. Akalitazama. Herufi mbili za katikati zilikuwa zimebanana, akazifuta, akaziachanisha kidogo. Zilipokaa vizuri, ile ya mwanzo ikaonekana nyembamba. Akainenepesha. Shaba, akawaza, haiwezi kuwa nyembamba hivyo, itapinda wakati wa kuipigilia. Akachora unene wake ubavuni, akachora mlango, akapima kwa jicho herufi zikae juu ya mlango kwa kimo gani ili anayeingia asilazimike kuinua shingo. Akachora na vivuli ambavyo herufi zingevitupa ukutani asubuhi. Vivuli vile vilimpendeza sana. Alipoikumbuka chai ya pili, ilikuwa imepoa, na ile barua haikuwa na neno hata moja zaidi ya jina lake.

Hapo ndipo sababu zilipoanza kumjia, na zilikuja nyingi, kila moja imevaa vizuri. Idara ya majengo ni watu wa hovyo, watazitundika zile fremu vibaya zimwangukie mtu. Watoto wamefanyia mtihani mle tangu zamani na wamefaulu, wengine ni mawaziri. Jengo litakaa karne, mitihani ni wiki moja. Na kusema kweli, ugumu nao ni mwalimu, mtu haelimiki kwa starehe, mwanga wenyewe huja baada ya... Akasita. Aliyatambua maneno yale yalikotoka. Nyani haoni kundule, lakini asubuhi ile mzee alikuwa ameliona lake wazi, kwa ukubwa wake wote, akaona haya usoni, akaendelea.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Alitoa ile karatasi yake ya asili kwenye bomba la bati, akailaza mezani kifudifudi, akatandaza juu yake nyingine safi, akafuatisha mistari. Vikinga-jua vikahamia upande wa mlima, vioo vikaenda kwenye jua. Maneno yaliyotokea kinyumenyume aliyaandika upya mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mzuri. Akatia sahihi. Tarehe akaiacha wazi kama alivyoombwa.

Bibi aliingia kuchukua kikombe. Alichungulia mchoro juu ya bega lake.

"Hukuniletea falsafa," akasema. "Angalau hilo." Akachukua kikombe akaenda kukiosha, na tangu hapo hakuligusa jambo lile tena.

Aliyetakiwa kuambiwa alikuwa mjukuu, na mzee hakumwambia. Alijipa kazi ya kumwambia akija Jumamosi, lakini Jumamosi ile binti alikuwa akisoma, na iliyofuata pia. Aliyemwambia ni Profesa Mwanga, darasani, mbele ya wenzake wote. Aliwatangazia kwamba mzee wetu amechora upya kwa mkono wake, amekiri kwa wino kwamba mwanga wa magharibi ndio uliokuwa nia yake tangu mwanzo, na kwamba wale waliokuwa wakieneza hadithi za mashine na karani sasa watafute kazi nyingine. Darasa likageuka kumtazama binti aliyekuwa amewaambia babu yake hanunuliki.

Uzinduzi ulifanywa asubuhi. Makamu Mkuu alikuwa na mapungufu mengi lakini hakuwa mjinga wa kumkalisha waziri katika ukumbi ule baada ya saa nane. Hotuba zilikuwa ndefu. Profesa alizungumza juu ya msanifu wa wakati ule na akamshukuru msanifu wa leo kwa kukubaliana naye. Waziri alivuta kitambaa, na herufi za shaba zikatokea juu ya mlango, zimeachana vizuri, kwa kimo kilekile alichokichora, kwa sababu alikuwa amewapelekea na mchoro wa herufi bila kuombwa. Watu wakapiga makofi. Mzee alisimama akalisoma jina lake, na furaha aliyoipata ilikuwa ya kweli, nene, hadi ikamtia uchungu kwamba ni ya kweli. Bibi hakuwa amekuja. Alisema ni magoti.

Wageni walipoondoka, mzee hakuondoka nao. Alijua ratiba, mtihani wa mwisho ulikuwa alasiri hiyohiyo. Alikaa kwenye benchi lililo mkabala na mlango, akawaona wanafunzi wakiingia na kalamu zao na chupa zao za maji, mjukuu akiwa katikati ya kundi, hakumwona au hakumtazama. Milango ikafungwa. Jua likaja likasimama juu ya uwanja, likaingia ndani ya vioo bila hodi. Mzee aliyekaa nje, chini ya mti mmoja mdogo wa mapambo, alilowa shati mgongoni. Mara moja mlango ulifunguliwa na vijana wawili wakatoka wamembeba mwenzao kwapani, wakamlaza kwenye ngazi, wakampepea kwa karatasi za maswali. Mzee alinyanyuka haraka, akasogea mpaka akaona si mjukuu wake. Akarudi kwenye benchi akiwa amemshukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa shukrani ile, maana yule kwenye ngazi naye alikuwa mjukuu wa mtu.

Walipotoka wote, nyuso zilikuwa zimevimba na nywele zimelala. Mjukuu alitoka na rafiki yake. Alipomwona babu alisimama, na kwa kitambo mzee alitegemea aambiwe jambo lolote, kuhusu ndevu, kuhusu talaka, hata atukanwe. Alikuwa ameyaandaa na majibu.

Binti aliinamisha kichwa, kwa adabu kamili.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba."

Akapita. Rafiki yake, aliyekuwa akijipepea kwa mkono, aligeuka mara mbili kumtazama yule mzee mwenye suti.

"Nani yule?" akauliza.

"Huyo," mjukuu akasema, bila kugeuka na bila kushusha sauti, "ndiye aliyelichora Tanuri."

Miaka yote, kila mtu aliposema hivyo, mzee alikuwa na la kujibu. Alikuwa na mashine, alikuwa na karani, alikuwa na mwenyekiti na jiwe lake. Alifungua mdomo sasa kwa mazoea. Wasichana wale wawili walikuwa wameshafika kwenye bomba la maji, wanaosha nyuso.